Wanangu, hiyo "homa ya meno" muifute kwenye daftari

Juzi nilikuwa napitia zile 514 zenu, daftari zenu za wahudumu wa afya ya jamii, nikakuta watoto watatu mmewaandika "homa ya meno". Watatu! Nawapenda, na najua mwazunguka na hilo begi juani kutwa nzima, lakini neno hilo lanichoma na leo niwaeleze kwa nini.

1. Themometa itumieni jamani, kiganja hakiandikwi kwenye fomu. Kwapani, 37.5 kwenda juu ni homa, bas.

2. Meno huleta mate, kutafuna vidole, na usiku wa kelele. Hayaleti 38.9. Hiyo 38.9 naikumbuka kwa sababu niliipima mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, mtoto wa kike wa miezi 14, kwao na kwetu ni ukuta kwa ukuta. Mamake kaja alasiri, mtoto ana moto tangu jana. Nikafanya kipimo cha malaria, negativu. Nyanyake akasema huyu ni meno, nikachungulia nikaona fizi imevimba kweli, nikafurahi nimepata jibu! Nikampa Panadol, baada ya saa moja joto likashuka, mtoto akala uji vijiko viwili akacheza na funguo zangu, nikamwambia mama alale nitapita asubuhi. Pumzi sikuhesabu. Simu yenye saa ninayo mkononi, mtoto katulia mapajani mwa mamake, ni kuinua kigauni tu na kuangalia kifua dakika moja, sikufanya. Saa saba usiku mlango wagongwa. Mtoto anakoroma, pua zinapanuka, chini ya mbavu kwaingia ndani kila akivuta, titi halitaki. Ndipo nikahesabu: 64. Na maji yamekupwa, Mkanda, ule mlango wa bahari tunaopita na boti, haupitiki, nahodha asema tusubiri mpaka saa kumi. Tukakaa gatini na mtoto kwenye leso, mamake hakunilaumu hata neno moja, akawa aniuliza tu, "Dada, si atapona?" Na alasiri ile maji yalikuwa yamejaa, boti niliisikia ikiondoka wakati mimi nashika fizi. Ilikuwa nimonia. Alitiwa oksijeni, akapona, alhamdulillahi, lakini yale masaa ya gatini hayajanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo hesabuni pumzi, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia hanyonyi wala halii. Miezi 2 hadi 11 ni 50 na zaidi, mwaka mmoja hadi mitano ni 40 na zaidi, hiyo ni haraka. Kifua kikiingia ndani, usingoje hesabu.

3. Kipimo cha malaria kikiwa negativu maana yake tafuta kingine, si kwamba mtoto mzima. Na aliyemaliza AL, dawa ya malaria, wiki iliyopita kipimo chaweza bado kuonyesha pozitivu, msimpe dozi nyingine kwa mstari huo peke yake.

4. Hawa hawakai nyumbani: asiyenyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea haamki vizuri, mwenye shingo ngumu, aliyepata degedege. Chini ya miezi 2 homa yoyote ile ni MOH 100, fomu ya rufaa, papo hapo. Na kwenye degedege mlazeni ubavu, msitie kijiko mdomoni, na wazee wakileta kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, msigombane nao, wao pia wampenda, waambieni kwa adabu tu kwamba mtoto anayetetemeka hanywi kitu, atapaliwa. Asomewe, aombewe, huku boti inatafutwa.

5. Boti sasa. Mgonjwa wa kisiwani ana saa yake na bahari ina yake, mtoto ukimtilia shaka alasiri na maji yamejaa, mtoe alasiri hiyo hiyo. Mimi namba za manahodha wawili nimeziandika nyuma ya daftari, na kila asubuhi kabla sijavaa buibui nauliza maji. Haya niambieni, leo yanajaa saa ngapi?