«Halo» ni salamu au ni wito?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi niko hapa Ngamiani, mama yangu mkubwa yuko Pangani. Kila nikimpigia simu nikaanza na «halo», ananikatiza: «Halo ndiyo nini? Shikamoo umeiweka wapi?» Juzi kakata simu kabisa. Wenzangu wanasema halo ni salamu ya Kizungu, haina ubaya. Neno hili limetoka wapi, na nani kati yetu yuko sawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekupoteza. Halo haikuzaliwa salamu. Ilikuwa ukelele wa kumwita mtu aliye mbali. Wenye kamusi za Kiingereza wanaihusisha na «hallo» na «holla», na katika Kijerumani cha kale kuna ukelele wa jamii hiyohiyo, uliotumika hasa kumwita mvushaji aliye ng'ambo ya mto. Wito wa namna hiyo mama mkubwa anaujua kuliko mimi na wewe. Mtu kachelewa, kasimama Bweni, ng'ambo ya mto, magharibi inaingia na mashua zote ziko Pangani: hapo hasemi «habari za jioni», anapaza sauti.

Waingereza waliitumia pia kwa kushangaa: halo, kumbe upo! Lakini kusalimiana walikuwa na maneno yao, ya kutakiana asubuhi njema na kuulizana hali.

Kilichogeuza mambo ni simu. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu, yaani haki ya uvumbuzi wake, Marekani Machi 1876, na mwanzoni watu walidhani laini itakaa wazi mchana kutwa kati ya ofisi mbili. Sasa yule wa upande wa pili atajuaje kuwa anaitwa? Bell alitaka «ahoy», wito wa mabaharia, chombo kikikiita chombo. Thomas Edison akaja na lake: tarehe 15 Agosti 1877 alimwandikia mkuu wa kampuni ya telegrafu kule Pittsburgh kwamba haoni haja ya kengele, maana «hello» inasikika futi 10 hadi 20. Edison ndiye aliyeshinda. Bell, inasemekana, hakuiacha ahoy yake hadi kufa. Ubishi wa wavumbuzi huo!

Neno likaenea kupitia vituo vya kuunganishia simu. Mwanzo waliajiriwa wavulana, wakawa na utani na matusi kwa wateja, hata Septemba 1878 Boston ikamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo. Baadaye wenzake wakaitwa wasichana wa halo. Jina hilo nalipenda, kwa sababu ujanani nami nilikaa kwenye ubao wa simu, visikilizio masikioni, nachomeka na kuchomoa nyaya. Mtu akija na trankoli, yaani simu ya mbali, ya bara, laini ikivuma kama mvua juu ya bati, nilikuwa nikiita «Halo Korogwe! Halo Korogwe!» mpaka koo linakauka. Wala sikuwa namsalimu mtu wa Korogwe. Nilikuwa nauliza kama waya unapitisha sauti.

Kwa hiyo mama mkubwa ana haki yake: ukisema halo ukanyamaza, umebisha hodi ukabaki mlangoni umekodoa macho. Lakini usiiache, maana mtandao wetu unaujua. Sema kwa pumzi moja, «Halo, shikamoo mama mkubwa», bila kungoja akujibu halo. Akiitikia marahaba, endelea na habari za nyumbani, na shida ya hela iwe mwisho kabisa.

Nisichokielewa ni hii halo ya kwenye meseji. Mtu anakuandikia «Halo», kisha kimya. Unajibu «Halo», kimya tena. Meseji imeshafika, hakuna waya wa kujaribu. Andika shikamoo yako na ulilonalo, nikitoka jikoni nitakujibu.