Muhuri wako si mwanaukoo

Jumatatu kijana wangu wa mafunzo aliniwekea mezani wosia wa bibi mmoja wa kijijini. Umechapwa vizuri, hauna kosa hata la nukta. Shahidi wa kwanza karani wetu, wa pili dereva wetu, na chini kaniachia nafasi ya kugonga muhuri. Nikamuuliza, "Huyu bibi hana ndugu?" Akanijibu, "Ndugu wa nini, wakili? Mashahidi wawili si tunao tayari?" Nilinyamaza kidogo. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini vilevile.

Basi, mawakili wasomi mlioapishwa juzi, sogeeni.

1. Kabla hujamuuliza mteja ana mali gani, muulize anaishi vipi. Hapa Tanzania Mwislamu ana sheria yake, aliyeachana na mila ana ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865, anayeishi kimila ana GN 436 ya 1963, yaani tangazo la serikali lililoandika sheria za mila za urithi na wosia. Kwenye mtihani nyote mlijibu. Mkifika ofisini mnafungua faili la "wosia sampuli", mnabadilisha majina, mnachapa.

Mimi nilimfanyia hivyo mwalimu mmoja mstaafu. Alikuja na mkewe asubuhi, kavaa koti lililopauka mabegani, kashika bahasha ya kaki. Alitaka nyumba na shamba la migomba viende kwa binti yake, ambaye ndiye aliyerudi nyumbani kuwatunza. Watoto wa kiume walikuwa mjini, wanapiga simu sikukuu. Mkewe nilimwomba akae benchi la nje ili mzee azungumze kwa uhuru. Nilijiona mjanja kweli, nimesoma habari za ushawishi mbaya. Mashahidi? Karani wangu, na fundi aliyekuwa amekuja kutengeneza printa. Saini, saini, muhuri. Sikumuuliza mzee kabila lake, wala ukoo wake hukutana wapi, wala shamba alilipataje. Aliponipa mkono aliniambia, "Mwanangu, leo nitalala."

Alifariki baada ya miaka minne. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo wao hakubishana na mgawo. Aliuliza tu ni nani kati yao alikuwepo. Wakaenda Mahakama ya Mwanzo, nami nikaitwa kutoa ushahidi. Nilivaa tai. Hakimu, mama mpole sana, akaufunua wosia hadi mwisho, akasoma majina mawili ya mashahidi, akauliza, "Wa ukoo ni yupi hapa?" Nikaanza kumweleza habari za muhuri, na kwamba mimi ni notari na kamishna wa viapo. Akanikatiza taratibu: "Wakili, muhuri nimeuona. Nauliza wa ukoo." Ningetamani sakafu inimeze. Mzee alijua kusoma na kuandika, kwa hiyo wawili walitosha: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki. Na mke aliyekuwepo nyumbani alipaswa kushuhudia pamoja nao. Mimi nilimletea watu baki wawili, mmoja ana wino wa printa vidoleni.

Wosia ukatupwa, mirathi ikaenda kama ya mtu aliyekufa bila wosia. Na GN 436 mnajua inamwekaje binti: daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote, wale wa simu za sikukuu. Alikuja ofisini na ile bahasha ya kaki. Ndani baba yake alikuwa ametunza risiti yangu. Ada nilimrudishia, akaihesabu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Mama si alikuwa hapo nje kwenye benchi?"

Benchi lile nimeshaliondoa. Wateja wanalalamika.

2. Tarehe, wino usiofutika, maneno ya akili timamu, na mrithi asiwe shahidi. Haya sirudii.

3. Mtoto aliyemleta mzazi kwa gari na anajibu kila swali kabla mzee hajafungua mdomo, mpelekeeni chai nje. Nimesema mtoto, sijasema mke. Msinifanye nianze upya.

4. Mteja akitaka kumnyima mrithi, sababu iandikwe wazi, na huyo mrithi apewe nafasi ya kujitetea mzee akiwa hai. "Anajua mwenyewe alichofanya" si sababu.

5. Mambo ya ugonjwa yasiingie kwenye wosia. Wosia unasubiri mtu afe. Ukiandika humo "nisiwekwe kwenye mashine" au "mguu wangu usikatwe", daktari atausomea wapi? Andikeni karatasi ya pembeni, isainiwe, mke au mtoto anayeaminika apewe nakala, na nyingine iende kwenye faili la hospitali anakotibiwa. Wala msimdanganye mtu kwamba pawa ofu atoni, ile hati ya kumpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, itamsaidia baada ya msiba. Inakufa na aliyeitoa. Maagizo ya mazishi nayo yakae kwenye karatasi ya pembeni. Kuna familia ilifungua bahasha ya wosia baada ya matanga, ikakuta marehemu aliomba azikwe kwao kwa mama yake. Walikuwa wameshamzika kwa baba, na saruji imeshakauka.

6. Pini ya wosia haibanduliwi, hata kwa kutoa kopi. Matundu mawili ya ziada kwenye kona ni kesi nzima: watasema ukurasa umebadilishwa.

Turudi kwa bibi wetu. Hajui kusoma, kwa hiyo anahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Asomewe kwa lugha yake, kisha aweke dole gumba la kulia. Jumamosi kijana wangu anapanda basi kwenda huko. Kalalamika vumbi, kalalamika nauli. Nimempa nauli, kibweta cha wino na pakiti mbili za biskuti za wajukuu. Bibi anasema ana mpwa aliyemaliza darasa la saba. Wa pili wa ukoo bado wanamtafuta.