Amua Besi Kabla Mpira Haujapigwa

Katika besiboli, mlinzi wa ndani (anayelinda eneo la besi) anayeanza kufikiri mpira ukiwa tayari kwenye glavu amechelewa. Kutoka nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi besi ya kwanza ni mita 27.4, na mpigaji mwenye mbio huzimaliza kwa sekunde nne na ushei. Katika muda huo unatakiwa uuzoe mpira, uutupe, na mwenzako audake.

Kwa hiyo kila mrushaji anapojiandaa, jua tayari: auti ni ngapi (wapinzani waliokwisha kutolewa), wakimbiaji wako wapi, na nani analazimika kukimbia. Hili la mwisho ndilo linalowachanganya wachezaji wengi. Aliye besi ya kwanza hana hiari mpira ukipigwa chini, maana mpigaji anakuja nyuma yake. Mwenzako akikanyaga besi ya pili akiwa na mpira, mkimbiaji huyo ameshatolewa. Lakini aliye peke yake besi ya pili halazimiki kwenda popote. Ukitupa ya tatu, ni lazima aguswe kwa mpira, na kumgusa mtu anayeteleza chini ni kazi. Mkazie macho asithubutu kuondoka, kisha tupa ya kwanza.

Auti ikiwa moja au hakuna, na mtu yuko ya kwanza, mpira mkali ukimjia shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) unastahili auti mbili: ya pili, kisha ya kwanza. Mpira ukija unajikokota, sahau ya pili. Pupa ya auti mbili hukunyima hata ile moja.

Angalia mtego huu. Mlinzi wa besi ya kwanza akikanyaga besi yake kwanza ndipo atupe ya pili, mkimbiaji halazimiki tena, maana mpigaji aliyekuwa nyuma yake ameshatolewa. Ampigie mwenzake kelele: “Mguse!”

Auti zikiwa mbili, imebaki moja tu kumaliza zamu ya wapinzani: chukua iliyo rahisi. Usihangaike na aliye besi ya tatu: mpigaji akitolewa kabla ya kufika ya kwanza, bao halihesabiwi.

Uwanja nao una neno. Udongo mweusi wa Kisumu hupasuka wakati wa kiangazi, na mpira ukigonga ufa huruka upande. Viringisha mipira michache mbele ya nafasi yako kabla ya mechi. Mpira ukikuponyoka hata kidogo, mpango wa auti mbili umekufa. Tupa ya kwanza.

Mazoezini, kocha atangaze hali, kwa mfano “Auti moja, watu ya kwanza na ya tatu!”, na kila mlinzi aonyeshe besi yake kwa kidole kabla mpira haujapigwa. Wawili wakionyesha tofauti, simamisheni mazoezi mwelewane hapo hapo.