Ukienda Singapore kwa kozi, kale tambi za ng'ombe kwa wachuuzi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimechaguliwa kwenda Singapore kwa kozi ya wiki tatu, lakini posho ni ya kubana. Wenzangu wananiambia nibebe unga na dagaa kwenye begi. Wewe ulipokwenda uliishije?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Dagaa waache nyumbani. Kuna tambi za nyama ya ng'ombe zinakusubiri kule, na ili unielewe itabidi nikusimulie yaliyonikuta.

Mimi nilikwenda mwaka 2023, kozi ya usimamizi wa mizigo. Tulikuwa sita kutoka Dar. Ya ndege na darasani nayaruka. Siku tatu za kwanza nilikula hotelini na wenzangu, kwa sababu niliona aibu kujitenga. Usiku wa tatu nikachukua kalamu nikapiga hesabu: kwa mwendo ule posho ingekatika wiki ya pili, na ada ya mwanangu nilikuwa nimepanga itoke humo humo. Sikulala vizuri.

Siku ya nne, mapumziko ya mchana, nikatoka peke yangu mpaka Chinatown, nikaingia kwenye kituo kimoja cha wachuuzi. Usifikirie kibanda cha turubai kando ya barabara. Ni jengo la serikali lililo wazi pembeni, feni juu, meza katikati, na vibanda vimepangwa kwa safu, kila kimoja na chakula chake kimoja au viwili ambavyo mwenyewe amevipika miaka nenda rudi. Mimi sikujua pa kuanzia. Nikatafuta foleni ndefu kuliko zote, nikasimama nyuma.

Mbele kulikuwa na mzee na mkewe. Mzee anapika, mama anapokea pesa. Nilikaa foleni karibu nusu saa, na nusu saa hiyo yote nilikuwa naangalia mikono ya yule mzee. Anachota tambi nene nyeupe za mchele, anazitia kwenye kijikapu cha waya chenye mpini mrefu, anakizamisha kwenye maji yanayochemka, anakitoa, anakikung'uta mara tatu, anazimimina bakulini. Halafu anachukua nyama mbichi iliyokatwa nyembamba sana, anaizamisha kwenye supu ya moto kwa upawa. Sekunde chache tu. Wekundu ukianza kupotea, anaitoa. Ndiyo maana ile nyama inakuwa laini kiasi kile: inamalizia kuiva humo bakulini, mbele yako.

Kisha harufu ikanifikia. Mdalasini, tangawizi, kile kiungo chenye umbo la nyota, na chini yake mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri. Nikajikuta niko Tanga, jiko la mama yangu, saa kumi na moja asubuhi.

Mama yangu aliuza supu ya makongoro na chapati. Supu hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo. Naliandika hili kwa fahari na sitalificha kamwe.

Zamu yangu ilipofika, yule mama aliniuliza: kavu au supu? Nikaomba kavu, kwa kuwa aliyenitangulia alichukua kavu. Kavu maana yake tambi zinamwagiwa rojo zito la kahawia, juu yake karanga zilizopondwa na mboga za majani zilizochachushwa kwa chumvi, pembeni pilipili na ndimu, na supu unapewa kwenye kibakuli chake. Ni upishi wa Wachina wenye asili ya kisiwa cha Hainan. Ukitaka ya supu, kila kitu kinaogelea humo humo. Nyama unachagua mwenyewe: nyama tupu, utumbo, kababu za duara za kuchemsha, au kano. Nilionyesha kano kwa kidole. Zilikuwa zimeiva mpaka zinanata midomoni, vilevile kama makongoro. Nililipa dola 6 za Singapore. Kule hotelini nilikuwa nalipa mara nne yake kwa wali uliopoa.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Siku ya tano ya kula pale, mmoja wa wenzangu aliniona. Jioni, mbele ya wote, akasema: "Mwenzetu amekuja mpaka Singapore kutafuta mama ntilie." Wakacheka. Nilinyamaza. Nikapanda chumbani nikafunga mlango. Hakujua mama yangu ni nani, lakini hata kama hakujua, neno limeshatoka. Tangu siku hiyo hatujazungumza zaidi ya salamu, na ninapoandika hapa bado linaniuma.

Kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu kidogo. Kwanza, wenyewe Singapore hawawadharau wachuuzi wao. Desemba 2020 utamaduni wao huu wa vituo vya wachuuzi uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2016 Michelin, wale wa kitabu kinachopima migahawa, ambao nyota yao watu wa hoteli kubwa wanaililia, walitoa nyota kwa vibanda viwili vya wachuuzi. Meneja anakaa meza moja na mfagizi, na wote wanatokwa jasho sawa.

Pili, hawakuanzia hapo. Wazee wale walikuwa wakipika barabarani, na mikokoteni yao, maji ya ndoo, na mgambo wao. Serikali ikawaandikisha, ikawapa leseni, halafu kuanzia mwaka 1971 mpaka 1986 ikawajengea vituo vyenye maji ya bomba na mifereji, vingi katikati ya makazi na karibu na maofisi, pale pale walipo wateja. Sisi tunaotoka kwenye nchi ya machinga na mama ntilie tunatakiwa kukaa kwenye viti vile na kuuliza maswali, maana hilo nalo ni somo na halimo kwenye ratiba ya kozi. Mtu aliyekwenda Singapore akala hotelini wiki tatu amerudi na cheti tu.

Sasa mambo ya kukusaidia, mdogo wangu.

Fuata foleni. Nimeshasema, narudia: fuata foleni, hasa yenye wazee wa pale pale. Ukisimama, tazama wanaoagiza mbele yako, ufanye kama wao. Beba pesa taslimu, noti ndogo ndogo, kwa kuwa baadhi ya wazee hawataki mambo ya simu.

Ukiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usiiondoe. Hiyo meza ina mtu, amekwenda kupanga foleni. Wanaita "chope", na saa sita mchana kituo kizima kimejaa tishu. Nunua pakiti yako.

Muuzaji wa kiume mwenye umri unamwita anko, wa kike anti, hata kama humjui. Kama kwetu. Mimi hilo peke yake lilinifanya nijisikie niko kwa watu.

Ukimaliza, rudisha trei yako mwenyewe. Tangu Septemba 2021 ni sheria. Mara ya kwanza unaonywa, ukirudia unaweza kutozwa dola 300. Na angalia rafu unayoiweka, kwa sababu vyombo vya halali vina rafu yake.

Hapo nizungumze na ndugu zangu Waislamu, kwa maana najua mtaniuliza. Ng'ombe peke yake haitoshi kufanya chakula kiwe halali. Vibanda vingi vya Wachina vya tambi za ng'ombe havina cheti. Tafuteni cheti cha MUIS, yaani Baraza la Kiislamu la Singapore, kimebandikwa kibandani, au nendeni soko la Geylang Serai kwa Wamalei, huko kuna tambi za soto, yaani supu ya viungo, na za rojo zinazoshindana na hizi bila wasiwasi. Na mwenyeji wako Mchina akikataa ng'ombe, usidhani anakudharau. Wako wengi wasiogusa nyama hiyo kwa ajili ya ibada yao kwa Guanyin, mungu wao wa kike wa huruma.

Zaidi ya hapo ni kufuata foleni na kutoona aibu. Aibu ilinigharimu siku tatu na pesa nyingi.

Wiki ya pili nilimpigia mama, nikamweleza kila kitu: kijikapu, kano, karanga juu. Alisikiliza kimya, halafu akauliza swali moja tu: "Hiyo mifupa wanaichemsha na maji yale yale ya kwanza?"

Sikujua. Kesho yake nikasubiri mpaka foleni ikaisha, nikamuuliza yule anko, nikamwambia ni mama yangu anauliza, naye anauza supu. Alifuta mikono kwenye aproni, akanionyesha kwa vitendo: mifupa inachemka kwanza mpaka povu chafu litoke, maji yote yanamwagwa, mifupa inaoshwa, ndipo unaanza upya na maji safi na moto mdogo. Kiingereza chake na changu havikukutana vizuri, lakini mikono ilieleweka. Akaniuliza mama anauza kwa miaka mingapi. Nikamwambia thelathini na mmoja. Akamgeukia mkewe akamwambia kwa Kichina, na wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Bakuli langu siku hiyo lilikuja na kano ambazo sikuzilipia.

Nilimtumia mama ujumbe wa sauti. Akajibu: "Mwambie na mimi namwaga ya kwanza."