Mjomba anataka hela yake irudi viza ikitoka

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wenu wa Morogoro, nina miaka 25, nimemaliza digrii ya kwanza na mwaka huu nimepata admisheni ya masta Ujerumani, chuo kipo Kassel, masomo yanaanza Oktoba. Mama alivyosikia alilia. Sasa shida ni ile hela ya kuweka kwenye akaunti ili nipate viza, wanataka euro 11,904 na sisi tuna kama nusu tu. Baba anataka auze kiwanja chetu cha Kihonda, mjomba anasema kiwanja kisiguswe, yeye atatuazima iliyobaki iingie kwenye akaunti, viza ikitoka tu tumrudishie hela yake yote. Kila jioni nyumbani ni kikao. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, kupata admisheni tu sio kitu kidogo.

Naanza na mjomba maana hapo ndo penye hatari. Naona kabisa ana nia njema ila kuna kitu hajaambiwa. Ile akaunti wenyewe wanaiita Sperrkonto, yani hela ikishaingia inafungiwa, na ukifika Ujerumani inaachiliwa euro 992 kila mwezi basi, huwezi kwenda siku moja ukatoa milioni 15 ukamtumia mjomba. Chukua 992 zidisha mara 12 utapata hiyo hiyo 11,904, wamepiga hesabu ya mwanafunzi kula, kulala na kulipa bima mwaka mzima. Kwahiyo mjomba akitoa hela leo akitegemea irudi mwezi wa kumi, haitarudi, alafu wewe utakuwa kwenye chumba cha watu ugenini unapigiwa simu kila wiki unaulizwa hela iko wapi. Na ukisema umrudishie kidogo kidogo kutoka kwenye hiyo 992, je wewe utakula nini? Bima ya afya peke yake kwa mwanafunzi inapita euro 130 kwa mwezi, chumba ndo kinameza zaidi, na kuna ada ya redio na televisheni euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba hata kama huna tv, barua yake itakukuta mlangoni hujamaliza hata kutoa nguo kwenye begi.

Mwambieni mjomba ukweli wote kabla hajatoa hata shilingi. Kama yuko tayari hela yake ikae nje miaka miwili mitatu, andikianeni mbele ya baba na mtu mwingine wa ukoo mnayemuamini. Kama hayuko tayari, msimlaumu, bora alivyosema mapema. Kitu kimoja kitakachompa moyo ni kwamba viza ikikataliwa hela inarudishwa, mnapoteza makato ya kampuni inayoendesha akaunti na gharama za kutuma tu.

Kiwanja nisingekiuza kwa haraka. Watu wakijua mna tarehe ya ubalozi watawapa bei ya kutupa. Kama kuna ndugu anayeishi na kufanya kazi Ujerumani kihalali, anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake kusaini dhamana rasmi inaitwa Verpflichtungserklärung, hiyo inaweza kusimama badala ya Sperrkonto, ila ni mzigo mkubwa kisheria kwa huyo ndugu, msimuombe kama mnaomba chumvi. Na waandikie chuo uwaulize kama nafasi yako inaweza kusogezwa muhula mwingine, vyuo vingine vinakwambia uombe upya, lakini kuomba upya sio aibu, na mwaka huo unaweza kuomba udhamini wa DAAD pia, lile shirika la Ujerumani linalosomesha wanafunzi wa nje.

Sasa hiki naomba ukisome mara mbili, maana mimi kilinikuta. Mwezi wa kwanza ile 992 inaweza isikufikie. Mara nyingi ili waanze kuiachilia inabidi uwe na akaunti ya kawaida ya benki, benki nyingi zinataka cheti cha kujiandikisha mjini, yani Anmeldung, na Anmeldung huipati bila barua ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anataka dipoziti ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Sheria inasema ujiandikishe ndani ya wiki mbili, mimi ofisi ilinipa miadi baada ya wiki tano, nilikuwa na euro 300 tu, aliyeniokoa ni dada mmoja wa Kenya tuliyekutana naye jikoni hosteli, alinikopesha hela ya kula bila hata kunijua vizuri. Kwahiyo nje ya ile 11,904 tafuta walau euro 1,500 za mkononi, na hosteli za Studierendenwerk, yani shirika la huduma za wanafunzi, omba leo leo, usisubiri viza kwasababu foleni yake ni ndefu.

Kuhusu kazi, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Inasaidia, na mwaka wa pili utaihitaji kweli maana ukienda kuongeza kibali cha kuishi wanauliza tena utaishi kwa hela gani. Ila usimuahidi mjomba hela ya kazi ambayo hujaipata. Kijerumani anza sasa hivi, hata kama masomo ni kwa Kiingereza.

SWALI: Mimi ni mama wa Tanga, mwanangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda huko huko Ujerumani. Nataka nimfungashie samli, dagaa, maembe, nazi na nyama ya kukausha. Je atapita navyo?

JIBU: Shikamoo mama. Samli na nyama toa kabisa, vitu vya nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya abiria haruhusiwi kuingia navyo, watavitupa mbele yake aumie bure. Maembe nayo yanataka cheti cha afya ya mimea, usihangaike. Dagaa ruksa, samaki wanaruhusu hadi kilo 20, wafunge mifuko hata mitatu maana ile harufu ikiingia kwenye nguo ndo basi tena. Nazi ruksa, na tende. Na kama unampa na mbuzi ya kukunia, iweke kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege, ile ina meno ya chuma, kwenye begi la mkononi wataichukua.