Maswali ya Wasomaji: Beringi ya Sluu au Draivu ya Sluu?

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Nina karakana hapa Mikindani. Nimeletewa winchi ya lori inayolia ikizungushwa, na mkono wake unacheza. Muuza vipuri anasema nitoe beringi nifunge draivu ya sluu, eti ndiyo ya kisasa na haina haja ya pinioni (gia ndogo inayosukuma meno ya beringi). Nimsikilize?
— Fundi, Mikindani

JIBU: Subiri kwanza, fundi. Hujajua bado kinacholia ni nini, na muuza vipuri naye hajui.

Beringi ya sluu ni ringi mbili kubwa zilizopachikana, katikati yake gololi au rola. Ringi moja hufungwa kwenye fremu ya chini, nyingine kwenye kinachozunguka, na kwa kawaida mojawapo ina meno. Kazi yake ni kubeba: uzito unaokandamiza, msukumo wa pembeni, na zaidi ya yote nguvu ya kupindua inayotokana na mkono mrefu wenye mzigo mbele. Haijizungushi. Lazima uipe pinioni, giaboksi, mota na breki. Draivu ya sluu ni beringi hiyohiyo iliyofungiwa ndani ya kasha pamoja na shafti ya wormu, yaani yenye uzi kama wa skrubu, inayosukuma meno ya ringi. Unaongeza mota tu, inafanya kazi.

Kwa hiyo tofauti kubwa iko kwenye wormu, na wormu ina tabia zake. Inapunguza mwendo sana, mara nyingi mara 60 na zaidi kwa hatua moja, ndiyo maana nguvu ya kuzungusha ni kubwa hata kwa mota ndogo. Lakini meno yake husuguana kwa kuteleza, hivyo zaidi ya nusu ya nguvu inayoingia inaweza kuishia kuwa joto. Mashine inayozunguka kutwa nzima bila kupumzika itaichemsha grisi na kulimaliza jino. Jambo la pili, kwa kawaida wormu haikubali kurudishwa nyuma na mzigo. Hiyo ni faida pale mkono unapotakiwa ukae ulipouacha, na ni hasara pale mkono unapopigwa kwa ghafla, kwa sababu kishindo chote kinaishia kwenye meno machache yaliyoshikana.

Sasa rudi kwenye winchi yako. Kabla ya kununua chochote, kagua bolti zote za beringi, juu na chini. Mkono unaocheza mara nyingi ni bolti zilizolegea, wala si beringi iliyokufa. Zikiwa sawa, weka saa ya kupimia mchezo (dial gauge) kati ya ringi mbili, karibu kabisa na beringi, mkono ukiwa mbele na mzigo wa wastani. Soma kipimo, shusha mzigo, soma tena. Rudia pande nne na ulinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha winchi. Kisha pampu grisi mpya na uchukue ile ya zamani inayotoka kwenye sili (mpira unaozuia maji na uchafu), uipake kwenye kitambaa cheupe. Ukiona vipande vinavyong'aa, njia ya gololi imeanza kumenyeka na beringi hiyo ni ya kubadilishwa. Grisi ikiwa ya kahawia yenye maji, sili ndiyo imekwisha, na kwa upepo wa chumvi wa huku pwani kutu imeshaingia.

Ukifika hatua ya kubadilisha, funga beringi ya aina ileile. Draivu ina matundu ya bolti ya mpangilio wake na kimo chake, na tundu la katikati huenda lisipitishe mabomba ya haidroli yaliyopo. Utajikuta unakata na kuchomelea fremu, na fremu iliyochomelewa hupinda. Beringi ikikaa juu ya uso uliopinda inabeba sehemu mbili tatu tu badala ya duara zima. Hapo hata beringi mpya itakufa mapema.

Unapofunga, tafuta alama ya S kwenye ringi, au kizibo cha kuingizia gololi. Hapo ndipo chuma hakikupata ugumu kamili. Upande wa ringi inayobeba mzigo mahali pamoja, weka alama hiyo nyuzi 90 kutoka uelekeo wa mzigo. Tumeona mafundi wazuri wakiipuuza alama hii, na inauma kuona beringi ya gharama ikiharibika kwa sababu ya herufi moja.

SWALI: Tuna ghala la korosho Lindi mjini. Tunataka nguzo yenye mkono wa mita 4, inyanyue kilo 500 za magunia kwa mpigo na kuzunguka kwa umeme. Tuchague ipi?
— Msimamizi wa ghala, Lindi

JIBU: Draivu ya sluu, bila kusita. Kazi ni ya polepole na ya kupumzika katikati, vumbi ni jingi, na kasha lake linayafunika meno.

Hesabu iwe hivi. Mzigo kilo 500 pamoja na winchi ya mnyororo ya kilo 50, mara mita 4, ni 2,200. Mkono wenyewe ukiwa na kilo 150, uzito wake uko katikati, mita 2, ni 300. Jumla 2,500, mara 9.81, unapata nyutoni-mita 24,500 hivi. Ongeza robo kwa ajili ya mshtuko: kama 31,000. Hicho ndicho kipimo cha kupindua ambacho karatasi ya mtengenezaji lazima ikifikie au kukizidi. Wauzaji hupenda kutaja uzito wa tani ambao draivu inabeba ukiwa umesimama wima juu yake. Namba hiyo haikusaidii hapa.

Mwendo usizidi nusu mzunguko kwa dakika. Ncha ya mkono itakuwa inakwenda mita 12 na kidogo kwa dakika, na mtu anaweza kuifuata akitembea. Tumia inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota) ili mota ianze na kusimama taratibu, maana wormu husimama papo hapo na magunia yakaendelea kubembea. Na msiitegemee wormu peke yake kushikilia: mtikisiko huweza kuisogeza kidogo kidogo. Wekeni mota yenye breki.

Ila kama mkono ungekuwa mrefu na kukaa nje usiku kucha kwenye upepo wa bahari, jibu lingebadilika. Kreni ndefu za mnara huachwa huru zigeuke na upepo zikiwa hazifanyi kazi, na wormu hairuhusu hilo.

SWALI: Eskaveta yetu inapakia makaa ya mawe Mtwara. Bolti za beringi zinakatika. Tumepandisha daraja la ugumu wa bolti kutoka 10.9 hadi 12.9 na bado zinakatika.
— Fundi mitambo, Mtwara

JIBU: Rudini kwenye 10.9, isipokuwa kitabu cha mashine kinasema vingine. Bolti ngumu zaidi hupasuka kirahisi zaidi penye chumvi na unyevu, na tatizo lenu halikuwa ugumu. Mara nyingi bolti ya beringi hukatika kwa sababu haikukazwa vya kutosha, ikawa inavutika na kulegea kila mashine inapogeuka. Safisheni rangi na kutu chini ya kichwa cha bolti, wekeni washa bapa ngumu, acheni washa za springi. Kazeni kwa kuvuka upande wa pili, kwanza asilimia 30 ya kipimo cha kukazia, kisha 80, kisha 100, kwa spana yenye kipimo. Rudieni kukagua baada ya saa 100 za kazi, halafu kila saa 600. Bolti moja ikikutwa imelegea chini ya asilimia 80, badilisheni hiyo na jirani zake mbili. Zikifika moja kwa kila tano, toeni zote. Bolti iliyokwishavutika haifai kurudishwa.

Wala msifikirie draivu ya wormu kwa eskaveta: inageuka haraka na kwa vishindo kutwa nzima.

SWALI: Grisi ya meno na ya gololi ni moja?
— Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Si lazima. Kwenye gololi tumia grisi ya lithiamu EP2 (ya kuhimili shinikizo kubwa), ukipampu huku beringi inazunguka mpaka grisi mpya itokeze sili yote. Meno ya wazi yanataka grisi nzito inayong'ang'ania, ipakwe kwa brashi baada ya kufuta vumbi la zamani. Kabla mashine haijalazwa kwa masika, pampu upya. Na ikiamshwa, pampu tena.