Naambiwa melini hakuna sala, nitalipa nikirudi Mombasa

SWALI: Asalamu alaikum shekhe. Mimi ni kijana wa Kisauni, nasafisha vyumba katika meli ya watalii, na huu ni mwezi wangu wa tano. Sasa tumetoka Visiwa vya Kanari twaenda Miami, siku saba hatuoni ila maji. Kazi ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa nne usiku, hakuna siku ya mapumziko. Mwislamu mwenzangu, mtu mzima aliyekaa melini miaka mingi, aliniambia tangu nilipopanda kwamba sala ya baharini ni deni tu, nitazilipa zote nikirudi nyumbani, kama msafiri anavyolipa saumu. Mwingine akasema meli ndiyo nyumba yangu, mimi si msafiri, basi nisipunguze rakaa wala nisikusanye sala mbili kwa wakati mmoja, na nikishindwa niache kazi. Nikabaki katikati, miezi minne sijasali. Kibla nacho sikijui. Mama akinipigia simu huniuliza kama nasali, nami humwambia nasali. Nifanye nini?

JAWABU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na aliyenikera si wewe. Amenikera mtu mzima anayemchukua kijana katika juma lake la kwanza, hata njia ya kufika chumbani kwake hajaizoea, akamvua sala kwa neno moja. Na wewe si wa kwanza kuniletea neno hili. Vijana wetu wa pwani wanaokwenda katika meli hizi wanazidi kila mwaka, na hupokezana fatwa hii kama wanavyopokezana ndoo na ufagio. Ndiyo maana nitasema nayo kwa urefu.

Huyo mwenzako ameipima sala kwa saumu, na hapo ndipo alipoteleza. Saumu ya msafiri ameiahirisha Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara, aya ya 184: atimize hesabu katika siku nyingine. Katika sala, hizo siku nyingine zimetajwa wapi? Tufungue Suratun Nisaa. Aya ya 101 yampa msafiri ruhusa ya kupunguza, sala ya rakaa nne iwe mbili. Aya ya 102 yaeleza jinsi jeshi litakavyosali adui akiwa mbele yao, kundi moja likisujudu na jingine likilinda. Kisha aya ya 103 yafunga mlango: hakika sala kwa Waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati. Mtu aliyezungukwa na mapanga hakuambiwa acha utalipa. Wewe uliyeshika shuka na taulo utaambiwaje?

Atakutajia vita vya Khandaq, yaani vya handaki, Madina ilipozingirwa, kwamba Mtume (SAW) alipitwa na Alasiri mpaka jua likazama. Ni kweli alipitwa. Lakini aliumia mpaka akawaombea maadui makaburi yao yajazwe moto, na Alasiri ile akaisali jioni ile ile, kabla ya sala ya Magharibi. Hakungoja vita viishe. Na wanazuoni wengi wamesema hayo yalikuwa kabla ya kuteremka sala ya hofu, ile ya aya ya 102. Anayeifanya siku moja ya uchungu wa Mtume kuwa ruhusa ya miezi tisa ya mkataba amemsingizia Mtume.

Atakwambia tena ni dharura. Dharura hubadili namna ya kusali, haiondoi sala. Sahaba Imran bin Huswein alikuwa na bawasiri, akaambiwa na Mtume (SAW): sali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Na juu ya chombo cha baharini hasa, sahaba Ibn Umar amepokea kwamba Mtume (SAW) aliulizwa vipi mtu asali ndani yake, akajibu: sali humo umesimama, ila ukihofia kuzama. Swali lako wewe liliulizwa zamani, na jawabu halikuwa ngoja ufike nchi kavu.

Huyo wa pili neno lake lina asili, lakini amelitia mahali si pake. Imamu Ahmad alisema nahodha ambaye ahli zake na tanuri yake vimo chomboni, hana makao pengine, hapunguzi. Hata huyo, kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, anaruhusiwa kupunguza, ingawa kutimiza ni bora kwake. Wewe makao yako Kisauni na mama yako yuko Kisauni. Chumba unacholala utakabidhi ufunguo siku mkataba unapokwisha. Wewe ni msafiri, na bandari ambayo meli hukaa siku nne kamili, zaidi ya siku ya kuingia na ya kutoka, hata usafiri wako ukatike, ni nadra.

Basi rakaa zako kumi na saba za kila siku zimekuwa kumi na moja. Alfajiri isali kabla hujavaa sare. Ukitoka kazini saa nane, Adhuhuri mbili, kisha Alasiri mbili, papo hapo, na nia ya kukusanya uiweke ukiwa ndani ya Adhuhuri. Hazifiki dakika kumi. Usiku ukishatoka kazini, Magharibi tatu kisha Isha mbili. Lakini hili lishike sana: jioni, wakati wa Magharibi haujatoka, utie nia moyoni kwamba unaichelewesha uikusanye na Isha. Hata ukiwa umeinama waosha bafu, nia haihitaji mkono. Bila nia hiyo umeikosa kwa wakati wake. Ijumaa wewe ni msafiri, utasali Adhuhuri. Maji ya bombani usiyatilie shaka kwa kuwa yametolewa baharini. Bahari yenyewe Mtume (SAW) amesema maji yake ni tohara.

Saa ya melini isikuhadae. Mkivuka kwenda magharibi hurudishwa nyuma saa moja moja usiku, na mpaka Miami mtakuwa mmerudisha tano. Jua halirudishwi na nahodha. Kwa hiyo ratiba ya Mombasa wala ya bandari mliyotoka haikufai. Tazama jua, au ipe programu ya simu mahali meli ilipo siku ile.

Kibla kimenikumbusha jambo. Nilikuwa mdogo, nasafiri na marehemu baba kwa jahazi kutoka Lamu, tumepakia boriti za mikoko. Upepo wa kusi, twabisha, yaani twaenda kinyume cha upepo kwa kugeuza chombo huku na huku. Alasiri watu walisimama safu juu ya boriti, na katikati ya rakaa ya pili jahazi likageuzwa. Hakuna aliyekata sala. Nilimwona baba ananyanyua mguu mmoja, anautia penye boriti nyingine, kisha wa pili, na safu nzima ikazunguka taratibu pamoja na imamu mpaka tanga lililokuwa kulia kwetu likawa kushoto. Mabaharia wale wengi hawakuwa wamesoma kitabu, lakini hiyo ndiyo hukumu iliyomo vitabuni: chombo kikigeuka nawe ugeuke, uendelee na sala yako.

Wewe una njia nyepesi zaidi. Dira ya simu ndani ya chuma hudanganya, usiitegemee. Lakini runinga za melini huwa na idhaa inayoonyesha ramani na uelekeo wa safari. Kutoka katikati ya Atlantiki, Makka iko mashariki, ikielemea kaskazini kidogo, nanyi mwaenda magharibi mkielemea kusini. Maana yake kibla chenu safari hii kiko tezi, yaani nyuma ya meli. Jua chumbani mwako omo, yaani mbele ya meli, ni upi na tezi ni upi, uelekee tezi. Kipande cha sakafu kati ya kitanda na kabati chatosha kusujudia.

Kisha watafute Waindonesia. Katika meli hizi mara nyingi huwa wengi, na wengi wao ni Mashafii kama sisi. Kijana anayesali peke yake chini ya meli, mwenzake amelala, huchoka upesi. Wakiwa watatu, anayelegea huamshwa. Na saa zako za mapumziko ni haki yako: mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 umeweka zisipungue kumi kwa siku, katika vipande visivyozidi viwili. Huibi muda wa mtu ukisali humo.

Sasa hiyo miezi minne. Lazima uilipe, na ianze leo. Sala iliyokupita safarini, ukiilipa ukiwa safarini, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba waipunguza. Ukiilipa nyumbani waitimiza. Siku mia na ishirini ukizilipa melini ni rakaa 1,320. Ukingoja Mombasa, kama alivyokushauri yule, ni 2,040. Kila ukisali sala ya siku, ongeza moja ya deni ya jina lile lile. Hukuacha kwa kiburi, uliambiwa na uliyemdhania mjuzi; tubu, wala usijitese kwa kujiita kafiri.

Mama yako usimwambie tena unasali kabla hujasali. Wala sikulazimishi umpigie kumkiri miezi minne, ukamkosesha usingizi naye yuko mbali, hana la kufanya. Usiku huu ukitoka saa nne, na kama nia ya jioni ilikupita Magharibi iwe kadha, yaani sala ya kulipa, sali tatu zako na mbili zako kwa kuelekea tezi. Ndipo umpigie. Kisauni saa hiyo huenda hakujakucha, basi ngoja aamke; naye atauliza kama kawaida yake.

Wallahu aalam.